Ndege Inapochelewa Kutua Nairobi kwa Sababu ya Ukungu: Mwongozo kwa Abiria

Abiria anayefika Nairobi alfajiri anafaa kujua jambo moja kabla hata hajanunua tiketi: ukungu wa Embakasi, ulipo uwanja wa ndege, humpitisha mtu katika hatua kadhaa, na kila hatua ina swali lake la kuuliza na jambo lake la kufanya. Anayeuliza "tutatua saa ngapi?" katika kila hatua atapewa jibu lile lile, kwamba taarifa zitatolewa baadaye, kwa sababu hakuna mtu ndani ya ndege, rubani akiwemo, anayejua ukungu utaondoka saa ngapi. Lakini yapo mambo matatu ambayo rubani anayajua vizuri: ana mafuta ya kusubiri dakika ngapi, uwanja mbadala ni upi, na yeye na wenzake wamebakiwa na saa ngapi za kazi kisheria. Abiria aliyezoea kuuliza hayo matatu huweza kupanga asubuhi yake, hali jirani yake bado anagombana na mhudumu.

Kabla ya safari

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta umejengwa kwenye tambarare ya Embakasi, takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, upande ambao ardhi inatelemka kuelekea Athi na Machakos. Mvua ikinyesha jioni, kisha mawingu yakatawanyika usiku na upepo ukatulia, ardhi ile iliyolowa hupoteza joto lake haraka, na hewa yenye unyevu iliyo juu yake hupoa hadi mvuke unageuka matone madogo yanayoelea. Ndiyo maana ukungu huu ni wa saa za usiku wa manane hadi asubuhi, na mara nyingi huzidi kuwa mzito muda mfupi baada ya jua kuchomoza, wakati ambapo mtu angetarajia upungue. Joto la kwanza la jua huivuruga hewa ya chini na kuuinua unyevu kabla ya kuukausha. Kwa kawaida saa tatu asubuhi huwa umekwisha. Miezi ya kuutilia maanani zaidi ni ile ya mvua za masika na za vuli, ingawa kati ya Juni na Agosti kuna mawingu mazito ya chini ambayo humtaabisha rubani vivyo hivyo.

Mkazi wa Westlands au Kilimani anaweza kuamka, akaona anga safi, na akakataa kabisa kwamba ndege zimeshindwa kutua kwa ukungu. Aidha, mkazi wa Limuru huona ukungu karibu kila wiki na kudhani kwamba anaujua. Ule wa Limuru kwa kawaida ni mawingu yanayogusa vilima, na wala hauna uhusiano na hali ya Embakasi. Kwa hiyo usiwapigie simu ndugu wa mjini kuwauliza hali ya hewa, hawaioni.

Inayoweza kukusaidia ni taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wenyewe, ambayo hutolewa angalau kila saa na hupatikana kwenye intaneti bila malipo. Ya uwanja wa Jomo Kenyatta hutambulika kwa herufi HKJK. Ni mstari mmoja wa herufi na tarakimu unaotisha kwa mara ya kwanza, lakini abiria hahitaji kuuelewa wote. Muda wake huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa tatu, hivyo ukiona 0300Z, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Kundi la tarakimu nne linalofuata upepo ni umbali ambao mtu anaweza kuona, kwa mita: 9999 ni kilomita kumi au zaidi, na 0400 ni mita mia nne. Herufi FG ni ukungu hasa, yaani ule unaopunguza mwonekano hadi chini ya mita 1,000, na BR ni ukungu mwepesi. Kuelekea mwisho wa mstari utakuta namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, tuseme 14/13. Ya kwanza ni joto la hewa kwa wakati huo, na ya pili ni kiwango ambacho joto likishuka hadi hapo, mvuke huanza kugeuka matone. Namba hizo zikikaribiana usiku, upepo ukiwa umetulia, na ilhali mvua ilinyesha jioni, jiandae kisaikolojia, na umwandae pia atakayekuja kukupokea.

Kuhusu kuchagua ndege, uhuru wa abiria ni mdogo. Safari nyingi za kutoka Ulaya zimepangwa kuondoka usiku na kufika Nairobi kati ya alfajiri na asubuhi, ndani ya saa zile zile za ukungu. Unachoweza kuchagua ni shughuli utakayoipanga baada ya kutua. Mwenye kesi mahakamani, usaili wa kazi au miadi ya upasuaji saa tatu asubuhi anapaswa kufika siku iliyotangulia, na hilo si la kujadiliwa. Safari za ndani zina nafuu: anayetoka Kisumu au Mombasa na ambaye hana haraka atafanya vyema kuchukua ndege ya saa nne au tano badala ya ile ya kwanza kabisa, isipokuwa awe tayari kukaa uwanjani akisubiri Nairobi ifunguke.

Begi la mkononi liwe na dawa za siku nzima na ziada kidogo, chakula na nepi za mtoto za kutosha kwa saa sita zaidi ya ratiba, chaja, na nguo moja ya kubadilisha. Dawa za kisukari na za presha zisiwekwe kabisa kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Mkiwa bado angani

Dalili ya kwanza huonekana kwenye ramani ya kioo kilicho mbele ya kiti chako. Dakika zilizosalia, ambazo zilikuwa zikipungua vizuri, zinakwama kwenye kumi na nane, kisha zinapanda hadi ishirini na mbili. Kimo cha ndege kinabaki pale pale. Mstari unaoonyesha njia ya ndege unajikunja na kuchora umbo la yai, na kabla yai halijakamilika unaanza kuchora jingine juu yake. Asiye na ramani aangalie jua: linaingia kwa madirisha ya kulia, linazunguka hadi kushoto, kisha linarudi kulia, na kila mara bawa limeinama upande ule ule. Ndege imewekwa kwenye foleni ya kusubiri, na mzunguko mmoja huchukua dakika nne au tano.

Kinachowachanganya abiria ni kwamba huko juu hakuna ukungu wowote. Anga ni buluu, Mlima Kenya unaonekana upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, na chini limetandazwa shuka jeupe ambalo pengine halina unene wa hata mita mia moja. Hapo ndipo mzee aliyekaa dirishani humwita mhudumu na kumwuliza, "Binti yangu, zile si taa za uwanja? Mbona mimi naziona na rubani hazioni?" Na mhudumu aliyezoea humjibu kwa upole, "Ni zenyewe, mzee. Kapteni naye anaziona akiwa huku juu. Akishuka ndipo zinapotea."

Jibu hilo ni sahihi, na sababu yake inafaa kueleweka kwa sababu hupunguza hasira nyingi. Anayetazama chini moja kwa moja anapenya ukungu kwa unene wake tu, mita themanini au mia. Ndege inapotua hushuka kwa mteremko mdogo sana, takriban nyuzi tatu, na rubani hutazama mbele, si chini, hivyo macho yake yanatakiwa kupenya ukungu ule ule kwa urefu, mamia ya mita kwa wakati mmoja. Taa zilizokuwa wazi kutoka futi elfu kadhaa juu huweza kutoweka kabisa katika nusu dakika ya mwisho.

Nusu dakika hiyo ina kanuni zake. Kwa mfumo wa msingi unaotumika duniani wa kuiongoza ndege kwa mawimbi ya redio hadi kwenye njia ya kutulia, rubani anaruhusiwa kushuka hadi futi 200 juu ya ardhi, yaani takriban mita 60, na akifika hapo awe ameziona taa au alama za njia kwa macho yake. Vipimo vilivyo kando ya njia navyo vinatakiwa visome mwonekano usiopungua takriban mita 550. Kipimo kikisoma chini ya hapo mapema, rubani haruhusiwi hata kuendelea kushuka kwa majaribio. Ipo mifumo ya daraja la juu inayoruhusu kutua katika ukungu mzito zaidi, lakini inadai mambo matatu yakutane kwa wakati mmoja: uwanja uwe na vifaa hivyo na viwe vinafanya kazi siku hiyo, ndege iwe imeidhinishwa, na marubani wenyewe wawe na mafunzo na kibali. Kimoja kikikosekana, vingine viwili havina faida. Pia mwonekano hubadilika kwa dakika. Ndege iliyo mbele yenu inaweza kukuta mita 600 na kutua, na yenu ikakuta mita 400 na kurudishwa juu, bila rubani wenu kuwa na upungufu wowote.

Kurudishwa juu huko ndiko kunakowatisha watu kuliko yote. Magurudumu yameshateremshwa, nje ni weupe mtupu, taa ya bawa inamweka na kuurudisha mwanga wake dirishani, kila mtu anangoja mtikisiko wa kugusa ardhi. Badala yake injini zinanguruma, pua ya ndege inainuka, na mgongo unabanwa kwenye kiti. Kisha unasikika mlio mzito chini ya miguu, ambao ni magurudumu yakirudishwa ndani, halafu kimya. Kimya hicho hakina maana mbaya. Marubani wana kazi nyingi katika dakika mbili tatu za kwanza na kuzungumza na abiria ni jambo la mwisho katika orodha yao. Kaa na mkanda wako, mweleze mtoto kwamba ndege imeghairi kutua na itajaribu tena, na usisimame kufungua kabati la juu. Kwa kawaida rubani hatajaribu zaidi ya mara mbili kabla ya kwenda kwingine.

Sasa tuje kwenye mafuta, ambayo ndiyo saa halisi ya safari hii. Ndege ya jeti inapopangiwa safari hubeba mafuta ya kufika inakokwenda, ya akiba kwa mabadiliko ya njiani, ya kutoka hapo hadi uwanja mbadala, na juu ya hayo yote akiba ya mwisho ya dakika thelathini ambayo haiguswi katika mpango wowote wa kawaida. Muda wa kuzunguka juu ya Nairobi unatokana na kile kilichozidi mahitaji hayo, na ndege iliyotoka Ulaya kwa safari ya saa nane haina kingi kilichozidi. Kapteni makini hutangaza waziwazi: tunaweza kusubiri hadi saa moja na dakika ishirini asubuhi, baada ya hapo tutakwenda Mombasa. Asipotangaza, mwulize mhudumu swali hilo hilo kwa adabu: "Samahani dada, kapteni amesema tunaweza kusubiri hadi saa ngapi, na baada ya hapo tunaelekea wapi?" Ni swali lenye jibu, na mara nyingi utalipata.

Wakati mnazunguka, tumia nafasi hiyo vizuri. Nenda msalani mapema, kwa kuwa taa ya mikanda ikiwashwa huenda isizimwe tena kwa nusu saa. Kunywa maji. Meza dawa ya asubuhi kwa saa yake badala ya kungojea kufika nyumbani. Ndege ikiwa na intaneti, mtumie mwenyeji wako ujumbe mfupi wenye namba ya safari na maneno yanayoeleweka: tunazunguka, usitoke nyumbani bado.

Mkipelekwa uwanja mwingine

Ndege iliyoshindwa kutua Nairobi huelekea sana Mombasa, ambako uwanja wa Moi uko karibu na usawa wa bahari na mara nyingi huwa na mwonekano mzuri wakati Embakasi imefunikwa. Nyingine huenda Eldoret, Kilimanjaro au Entebbe, kulingana na mafuta, ukubwa wa ndege, mahali ambapo kampuni ina wahudumu wa ardhini, na nafasi ya kuegesha, kwa sababu asubuhi ya ukungu mzito ndege kadhaa hukimbilia mahali pamoja.

Mkishatua, hesabu hubadilika. Mafuta sasa yanategemea lori, na lori linahudumia ndege zote zilizotangulia. Karatasi za safari mpya zinatakiwa kuandaliwa. Waongoza ndege wa Nairobi wanatakiwa kuwapa nafasi ya kurudi. Zaidi ya yote, marubani na wahudumu wanazo saa za kazi zilizowekewa kikomo na sheria, na wafanyakazi walioruka usiku kucha kutoka Ulaya wamebakiwa na chache. Saa hizo zikiisha, ndege haiondoki hata kama Embakasi imeangaza jua kali. Itangoja wafanyakazi wengine. Kwa hiyo swali la hatua hii ni hili: "Wafanyakazi wenu wana muda wa kutosha kuturudisha Nairobi?" Jibu likiwa ndiyo, vumilia, mara nyingi mtaondoka ndani ya saa mbili au tatu tangu kutua. Jibu likiwa hapana, au likiwa la kusitasita, anza kuulizia chakula, hoteli, na ni nani atakayeshughulikia pasipoti.

Abiria wa safari ya kimataifa kwa kawaida huachwa ndani ya ndege, na jambo hilo huleta malalamiko makali, hasa joto la Mombasa likianza kupanda na milango ikiwa imefungwa. Sababu yake ni kwamba mkishuka mnahitaji kupita uhamiaji na forodha, kisha kukaguliwa upya mkirudi, na abiria mia mbili na hamsini wakishuka hawarudi ndani kwa dakika kumi. Malalamiko yenye tija hapo yahusu maji, hewa na vyoo. Omba mlango ufunguliwe na ngazi isogezwe ili hewa iingie, hata kama hakuna anayeshuka. Ombi hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye mgonjwa, mjamzito au mtoto mchanga amweleze mhudumu mapema na kwa sauti ya kawaida, asingoje hadi hali iharibike.

Na hapa ndipo huzuka hoja ya wajanja: tumefika Kenya tayari, kwa nini nisishuke Mombasa nikachukua treni? Treni ya SGR ipo kweli, inatoka Miritini hadi Syokimau, jirani kabisa na uwanja ambao ulikusudia kutua. Hata hivyo kanuni za usalama haziruhusu begi la abiria aliyeshuka kwa hiari kuendelea na safari bila yeye hivi hivi tu, hivyo lako litatafutwa miongoni mwa mamia na kuteremshwa, na wenzako wote watangoja kwa ajili yako. Ukishatoka utahitaji kufika kituoni, kupata tiketi ambayo pengine imeisha, na kusafiri saa tano hadi sita. Maoni yangu ni kwamba abiria mwenye begi chini ya ndege asishuke, isipokuwa kampuni yenyewe imetangaza kwamba safari ya siku hiyo imekwisha. Ambaye anaishi Mombasa na alikuwa akiunganisha Nairobi anayo sababu nzuri ya kuomba, na anaweza kukubaliwa; aombe mara moja, kabla lori la mafuta halijaondoka.

Mkiwa Kilimanjaro au Entebbe mko nchi nyingine, na kushuka kwa hiari hakufikiriki. Kumbuka pia kuwa simu yako itakamata mtandao wa jirani, na salio lako litaliwa kwa bei ya ugenini.

Kurudi Nairobi na safari za kuunganisha

Ukungu ukiinuka, si kila ndege itatua papo hapo. Uwanja wa Jomo Kenyatta una njia moja tu ya kurukia na kutua, na zote zilizokuwa zikizunguka, zilizorudi kutoka Mombasa, na zilizozuiwa kuondoka Kisumu au Kigali zinaitaka njia hiyo hiyo katika saa moja. Ongeza hapo zile zilizo chini zinazotaka kupaa.

Mwenye safari ya kuunganisha aangalie tiketi yake ilivyokatwa. Sehemu zote zikiwa kwenye tiketi moja, kampuni inao wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari, na huenda imekwisha kukupangia ndege nyingine kabla hujatua. Nenda kaunta ya uunganishaji moja kwa moja, na huku ukiwa kwenye foleni ipigie kampuni simu, kwani anayefikiwa kwanza ndiye anayepata viti vilivyobaki. Ukiwa na tiketi mbili za kampuni mbili, ya pili ni mzigo wako mwenyewe. Ndiyo maana anayenunua tiketi tofauti kupitia Nairobi asubuhi aache nafasi hadi mchana.

Wanaokwenda Maasai Mara au Lamu kupitia Wilson wanakabiliwa na ukungu mara mbili. Wilson ni uwanja mwingine, upande wa barabara ya Lang'ata, na ndege ndogo zinazotoka huko hutegemea sana macho ya rubani, hivyo asubuhi ambayo Embakasi imeziba huenda na huko hakuna kinachoruka. Barabara ya juu ya Expressway huokoa muda kutoka Embakasi, lakini haiwezi kuokoa safari iliyopangwa kwa pengo la saa moja na nusu. Kata tiketi ya ndege ya alasiri.

Kwa anayekuja kukupokea

Mtumie sehemu hii mwenyeji wako. Kwanza, afuatilie namba ya safari, si jina la mji mnakotoka. Pili, programu za kufuatilia ndege zikiandika kwamba ndege imetua, asome imetua wapi. Wapo waliofunga safari kwa gari wakaenda mbio hadi Embakasi ilhali ndege iko Mombasa inajazwa mafuta, wakakaa huko hadi adhuhuri huku ada ya maegesho ikipanda. Tatu, ukungu unaozuia ndege umetanda pia kwenye barabara ya Mombasa kuanzia Syokimau hadi Mlolongo, kwa hiyo aendeshe kwa taa za chini, kwa sababu taa za juu humrudishia dereva weupe machoni. Atoke nyumbani ukishamwambia kwamba ndege imeondoka Mombasa. Safari hiyo ni chini ya saa moja, na kupita uhamiaji na kuchukua mizigo kutamaliza muda uliobaki.

Madai na karatasi

Usitegemee fidia ya fedha kwa ukungu wenyewe. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaibebesha kampuni ya ndege dhima ya hasara itokanayo na ucheleweshaji, lakini unaiachilia ikithibitisha kwamba ilichukua hatua zote zilizotarajiwa kwa busara au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 nayo huhesabu hali ya hewa mbaya kuwa jambo lisilo la kawaida lisilodai fidia. Hata hivyo sheria hiyo haifuti huduma. Unayeondoka Nairobi kwenda Ulaya kwa ndege ya kampuni ya Ulaya, na safari ikasogezwa mbele kwa saa nne au zaidi, una haki ya chakula na vinywaji, hoteli ikiwa itabidi mlale, na njia ya kuwasiliana na nyumbani. Kuchelewa kukiwa kwa saa tano au zaidi unaweza kuacha safari na kurudishiwa nauli.

Hapa abiria atofautishe ukungu na yaliyofuata baada yake. Ukungu ulioondoka saa tatu hauwezi kuwa sababu ya ndege kukaa Mombasa hadi saa mbili usiku bila maji wala maelezo. Andika saa za kila tukio kwenye simu yako wakati linatokea: saa mliyoanza kuzunguka, mliyotua Mombasa, mliyopewa chakula, mliyoondoka. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokusaidia ukiandikia kampuni, na usiporidhika na majibu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya hupokea malalamiko ya abiria.

Mizigo ina muda wake. Begi lisipoonekana kwenye mkanda, jaza fomu ukiwa bado ndani ya ukumbi wa mizigo na upewe namba ya kumbukumbu. Kwa safari ya kimataifa, begi lililofika likiwa limeharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku saba, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kesi yenyewe ina kikomo cha miaka miwili. Hifadhi kipande cha pasi ya kupanda ndege na kile cha begi hadi mambo yote yaishe, na risiti za ulichonunua kwa lazima, kama dawa na nguo za ndani. Suti mpya hawatakulipa.

Kabla ya kutoka uwanjani, omba kaunta ya kampuni barua fupi au barua pepe inayothibitisha namba ya safari, tarehe, uwanja mliopelekwa na sababu ya kuchelewa. Mwajiri huitaka, bima ya safari huitaka, na wakili wako huenda akaihitaji kuiwasilisha mahakamani. Siku hiyo hiyo mtu wa kuiandika yupo pale mbele yako na anayakumbuka yaliyotokea; baada ya wiki mbili utakuwa unabadilishana barua pepe na ofisi ambayo haijui hata kama kulikuwa na ukungu.